Harvard ya Gikomba

Niliipata Gikomba, chini ya rundo la midoli isiyo na macho na magari yasiyo na magurudumu, kwenye mzigo wa mitumba uliofunguliwa asubuhi hiyo. Boksi lilikuwa limefungwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Nikauliza ni ngapi. "Mia tatu. Hiyo ni Harvard, buda, ile yunivasiti ya Obama." Tukacheka. Nikatoa mia mbili hamsini, nikapanda matatu na ndege ya plastiki iliyonizidi umri.

Kwa asiyejua: hii ni seti ya kuunga. Vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki, pamoja na karatasi ya maelekezo na stika za kulowekwa majini. Unakata, unasugua, unagundisha, unapaka rangi. Harvard yenyewe ni ndege ya mafunzo iliyobuniwa na North American Aviation ya Marekani, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Marubani wengi wa upande wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia waliijua kabla ya kuijua ndege nyingine yoyote ya kivita. Nimekaa na seti hii wiki saba mezani, hapa Jericho, na nataka kuihakiki kama ninavyohakiki kitabu. Ina jalada, ina masimulizi, na ina mambo ambayo imeamua kutoyasema.

Nianze na sifa, maana inazistahili. Kipimo chake ni 1:72, yaani inchi moja kwa kila futi sita. Ni kipimo kilichoenezwa sana na kampuni kama Airfix ya Uingereza tangu miaka ya 1950, na uzuri wake ni rahisi kuuona: ndege zote zikifuata kipimo kimoja, mtoto anaweza kuzipanga juu ya kabati na kujua ipi ilikuwa kubwa kweli na ipi ndogo. Harvard halisi ina mita 12.8 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yangu inapaswa kuwa na sentimita 17.8, na nilipoiwekea rula haikuwa mbali. Mtu aliyechonga umbo hili aliipenda ndege hii. Mkia wake umekaa vizuri, na pua yake nene ina ule ubishi wa ndege yenye injini ya silinda tisa.

Kasoro zipo pia, na kila muungaji anazijua. Seti za zamani zina ribiti, zile misumari butu za kushikia bati, zilizotapakaa mwili mzima kama upele. Nilipima moja: nusu milimita. Zidisha mara 72 upate sentimita 3.6. Yaani kwenye ndege ya kweli kila ribiti ingekuwa kubwa kuliko kizibo cha soda! Nilizisugua zote kwa msasa wa maji, jioni nne. Kioo cha juu kilikuwa na ufa, basi nikachonga umbo lake kwa mti, nikaliingiza ndani ya chupa ya soda ya plastiki, nikaipasha moto mpaka ikajikunyata na kulishika. Mianya ya mabawa niliiziba kwa fila niliyopewa na wapiga bodi wa gereji ya mtaani, ambao hawakuelewa kwa nini mtu mzima anataka kijiko kimoja tu. Rangi nyingine ni ya hadwea, nyingine ni ya kucha.

Ndivyo seti ya zamani inavyoboreshwa, na wanaofanya kazi hii duniani kote wana neno moja wanaloliheshimu kuliko yote: usahihi. Kanuni yao ni nzuri. Usiunge Harvard tu. Chagua Harvard moja, ya mahali pamoja, ya siku moja, kisha uwe mwaminifu kwake.

Nilikuwa nimefika hapo, nikitafuta Harvard yangu ni ipi, wakati shosho alipoketi upande wa pili wa meza na chai yake. Akaiangalia kwa muda. Sikuwa nimemwambia lolote.

"Hii si ile ya Mweiga?"

Nikamwambia ni Harvard.

"Jina sijui. Lakini mbona haina mayai?"

Shosho alikulia karibu na Mweiga, chini ya Nyandarua. Mayai ni mabomu. Watoto wa rika lake waliyaita hivyo kwa sababu waliyaona yakitagwa kwa mbali, juu ya msitu, kabla sauti haijawafikia.

Historia yenyewe inajulikana, ingawa si kwenye maboksi. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata Jeshi la Anga la Uingereza lilileta Harvard kutoka Rhodesia ya Kusini, ambako zilikuwa zikitumika kufundishia marubani, na kuziunda kikosi kidogo kilichoitwa Flight 1340. Kwa sadfa, injini ya Harvard nayo inaitwa R-1340. Kikosi kilikaa Mweiga. Ndege za darasani zikafungwa bunduki ya mashine na vibomu vya ratili kama 20 kila kimoja, kisha zikapelekwa juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambayo serikali ilikuwa imeshaitangaza kuwa maeneo yaliyokatazwa. Aliyeonekana humo alihesabiwa adui.

Kuanzia Novemba 1953 zikaongezwa Lincoln, ndege kubwa za injini nne, nazo ziliondokea uwanja wa Eastleigh. Uwanja huo ndio leo tunauita Moi Air Base, na helikopta zake zikipita hapa vikombe vyangu hugongana kabatini. Kwa hiyo mitaa ya Eastlands ilisikia vita vya msituni vikipaa kila ndege ilipoondoka, na tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, vita hivyo vikaingia mitaani kwa miguu. Askari walizingira Nairobi, maelfu ya watu wakachujwa na kupelekwa kambini.

Sasa rudi kwenye boksi. Picha ya jalada ina ndege iking'aa kwenye mbingu ya samawati, na chini yake mawingu tu. Karatasi ya maelekezo ina aya moja ya historia inayosema kwamba Harvard ilifundisha marubani wa mataifa mengi. Stika ni za shule ya urubani ya Uingereza. Hakuna uongo hata mmoja hapo, na hiyo ndiyo hoja yangu. Seti inaweza kuwa sahihi kwa kila sentensi na bado ikakuacha na picha isiyo kweli, kwa kuchagua tu pa kusimama. Hapa imesimama juu ya mawingu. Sitaitaja kampuni, maana ugonjwa huu si wake peke yake. Ni wa aina nzima ya kazi hizi: fremu zina marubani wawili wenye kofia na miwani, wadogo kama punje za mahindi, lakini hakuna hata mtu mmoja wa chini.

Kuna neno jingine lililonishika njiani. Maelekezo yanakutaka ukate kipande namba 14 na kukiunganisha na kipande namba 15. Namba, namba, namba. Kwa baba yake shosho, kipande kilikuwa kile cheti cha kazi chenye namba na alama za vidole, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Sidai kwamba mchapishaji wa karatasi hii alijua. Nasema tu kwamba Kiswahili cha Kenya hakiwezi kulisoma neno hilo bila kukikumbuka kikopo kile.

Linganisha na sanaa yetu ya modeli, kwa sababu tunayo. Watoto wa Eastlands wamekunja magari ya waya kwa vizazi: matatu yenye usukani mrefu wa kusukumia ukiwa umesimama, matairi ya ndala zilizochakaa, namba 58 mbele kama inaenda Buru. Kwa kipimo cha muungaji wa plastiki, gari hilo ni aibu. Halina injini, na milango haifanani. Lakini tazama alichokumbuka fundi wa miaka tisa: mlango wa makanga uko wazi, keria imejaa, na gari linainama upande mmoja kwa sababu matatu za kweli huinama. Hakupewa maelekezo. Aliitazama ikipita na kuunga kile inachofanya. Seti ya plastiki inakupa ndege ilivyo ikiwa imesimama. Gari la waya linakupa matatu ilivyo kwa mtu anayeingoja steji.

Vitabu pia vimegawanyika hivyohivyo. Anayetaka kuiona ndege hii kutoka chini ya miti, asome Mau Mau from Within, kilichotoka mwaka 1966, ambamo Karari Njama, aliyekuwa msituni Nyandarua, anasimulia akiwa na Donald Barnett. Humo ndege haina urefu wa mabawa wala aina ya injini. Ni kitu kinachokuja wakati watu wana kazi nyingine za kufanya.

Basi nikaamua: Harvard yangu itakuwa ya Mweiga, mwaka 1954. Nikachonga mabomu kutoka vijiti vya meno, kila kimoja kama punje ya mchele, nikayapanga chini ya mabawa. Nilijivunia, sitaficha. Nilihisi nimeisahihisha seti kuliko muungaji yeyote wa London.

Jioni hiyo mtoto wa dada yangu akaja, akainyakua kabla sijamkataza, akaipeleka juu ya kochi, akaishusha kwa kasi kwenye mito. "Tatatatata! Buum!" Alikuwa na furaha kamili. Na mimi nikaona kasoro ya uboreshaji wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeongeza ukweli, na ukweli huo ukaifanya ndege iwe tamu zaidi. Mabomu yale hayakumleta mtu wa chini mezani. Yalimpa tu yule wa juu kitu cha kurusha.

Shosho hakukasirika. Alisema tu, "Haililii hivyo." Akajaribu kuiga sauti yake, akaacha katikati. Nilisoma baadaye kwamba Harvard ina mlio wake wa pekee kwa sababu ncha za rafadha yake, injini ikivutwa kwa nguvu zote, hukaribia mwendo wa sauti yenyewe. Haivumi, inakwaruza. Hakuna seti inayokuja na kipande hicho, na msasa haukitoi.

Nilijaribu mara moja zaidi. Nikafanya hesabu ya msichana wa miaka kumi: mita 1.35 gawanya kwa 72, chini kidogo ya sentimita 2. Nikamchonga kwa kijiti kilekile cha meno, bila uso, maana uso siuwezi. Kisha nikataka kumweka chini ya ndege. Tuseme inapita mita 300 juu yake. Kwa kipimo cha 1:72 hizo ni mita 4 na ushee. Dari yetu haifiki hapo. Ili niwe sahihi, msichana akikaa mezani kwangu, ndege ingebidi ikae kwa jirani wa juu. Umbali huo ndio ambao boksi limeuficha kwa mawingu. Kwa huo, rubani mchanga angeweza kurudi Mweiga na kula chakula chake cha mchana, na mtoto aliyekuwa chini akaendelea kuisikia miaka 70 baadaye akinywa chai.

Je, naipendekeza seti hii? Ndiyo. Ukiiona Gikomba, inunue, na usilipe zaidi ya mia tatu. Itakufundisha subira, na itakufundisha kutazama. Sugua ribiti, badilisha kioo. Ila stika waziweke wanaozitaka. Zangu bado ziko kwenye bahasha. Na kabla hujapaka rangi, muulize mzee wa karibu kama aliwahi kuiona, na alikuwa amesimama wapi.

Mabomu sijayatoa. Niliyaacha kwa sababu yalikuwepo. Magurudumu nimeyagundisha yakiwa chini, ingawa maelekezo yanakuruhusu kuyakunja na kuiunga kama inaruka. Nilitaka kuitundika kwa uzi darini, shosho akakataa.

"Weka chini. Hiyo kitu nimeiangalia juu ya kutosha."

Iko kwenye rafu ya viatu karibu na mlango, kando ya ndala zake. Msichana wa kijiti nilimwacha mezani, na siku moja sikumwona tena. Nadhani alifagiliwa.