Redio ya Japani Ikifika Umoja

Gari aina ya Vitz au Probox likishuka melini Mombasa, kila kitu chake kinatufaa isipokuwa redio yake. Usukani uko kulia, umri haujavuka miaka 8 inayoruhusiwa na sheria, lakini FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia megahezi 90. Mkaazi wa Umoja, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, akiwasha, anaipata Ghetto Radio kwenye 89.5, na hapo ndipo mwisho. Radio Jambo ya 97.5 haipo. Radio Citizen ya 106.7 haipo.

Dawa ya zamani ni kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, kikayateremsha mawimbi yote kwa kiasi kimoja. Kikiteremsha megahezi 20, Citizen inasikika kwenye 86.7, na dereva anazoea. Siku hizi wengi huing'oa redio nzima wakaweka ya Android kutoka China, yenye kioo kikubwa. Kazi ninayoistahi huanzia hapo.

Nyaya si tatizo kubwa: wa njano hutoka betri moja kwa moja, mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, mweusi huenda kwenye bodi. Hata hivyo fundi mzuri hupima kila waya kwa mita. Gari lililopita mikononi mwa watu wengi halisadikiki kwa rangi tu.

Ugumu uko kwenye programu. Ndani ya redio hizi mna mbili: Android yenyewe, na nyingine ya chipu ndogo iitwayo MCU, inayosimamia umeme, vitufe, sauti na upokeaji wa mawimbi. Mafundi wa Eastlands ninaowaamini hawagusi chochote kabla ya kufungua ukurasa wa matoleo na kuupiga picha. Wanachotafuta ni herufi chache tu. Katika jamii ya MCU iitwayo MTCE, kwa mfano, herufi zinazofuata jina, kama HA au GS, huonyesha ni kiwanda gani kilichoitengeneza. Redio mbili zinaweza kufanana kioo, fremu na hata boksi, kumbe kila moja ina MCU yake. Ukiiwekea hii faili ya kusasishia ile, vitufe vinaweza kuvurugika, au redio isiwake tena kabisa. Ndiyo maana nusu ya ufundi huu ni kusoma, na ninamheshimu sana fundi anayemwambia mteja kwamba toleo jipya halimfai hata kama mteja ana haraka nalo.

Fundi akiridhika, anaandaa flashi kwa mfumo wa FAT32, anaweka faili inayohitajika peke yake, anaunganisha chaja ili betri isilegee katikati ya kazi. Kisha anakaa. Hakuna anayegusa ufunguo. Umeme ukikatika wakati MCU inaandikwa, chipu hubaki na programu nusu, na kuifufua kunataka kufungua redio na vifaa ambavyo karakana nyingi hazina.

Redio ikiwaka, bado hajamaliza. Anaingia kwenye mipangilio ya kiwanda (kwa jamii hii namba ya siri mara nyingi ni 126) na kuchagua eneo la redio. Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Ukichagua Marekani, redio huruka kwa hatua za 0.2, ikisimama kwenye 98.3 na 98.5, huku Capital FM ya 98.4 ikirukwa. Mwenye gari hulaumu antena. Fundi aliyetulia huchagua Ulaya, kisha husikiliza stesheni moja baada ya nyingine mpaka atosheke.

Wewe mwenye gari, usimharakishe. Mlipe na saa alizotumia kusoma, si za kufunga nyaya tu. Na kabla hujaondoka, mwombe ile picha ya ukurasa wa matoleo pamoja na nakala ya faili aliyotumia. Redio ikigoma mwakani, fundi yeyote ataanzia hapo.