Kifo cha Shujaa katika Michezo ya Kompyuta na Simu

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wasomi, ambao wakisikia habari za michezo ya video huiona kuwa ni upuuzi wa vijana usiostahili kutajwa mahali panapozungumzwa mambo ya tungo. Dhana hii ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba wenye kuishika hawakutazama. Atakayetazama ataona mashujaa wenye nasaba na visasi, nchi zenye ramani na tarehe zake, wafalme, wachawi, maharamia na miji iliyoangamia. Yaani vitu vile vile ambavyo watungaji wa tenzi wamejengea kazi zao tangu zamani. Kwa hiyo si vibaya mhakiki aliyezoea tenzi akaiuliza michezo hii swali ambalo huuliza juu ya kila utenzi wa shujaa: je, shujaa huyu hufaje? Nimelichagua swali hili miongoni mwa mengi kwa sababu naona ndilo linalopambanua hadithi na mchezo, na kwa sababu majibu ya watengenezaji wenyewe yamekuwa ya ajabu.

Kipimo changu ni Fumo Liyongo, ambaye msomaji wa kurasa hizi hahitaji kujulishwa. Katika utenzi wa Muhammad bin Abubakari Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, Liyongo hadhuriki kwa silaha yo yote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo hupelelezwa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa Sultani, naye humchoma baba yake usingizini. Liyongo huamka, hutwaa uta wake, huenda karibu na kisima, hupiga goti na kuutega mshale, na katika hali hiyo roho humtoka. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai. Nguvu zote za Liyongo zilizotangulia kusimuliwa hupata uzito wake hapo, kwamba aliweza kufa, tena mara moja tu, na kwamba aliyemwua alikuwa damu yake. Kiondoe kifo hicho, nawe utabaki na habari za mtu mrefu mwenye mabavu.

Sasa tuutwae mchezo uitwao League of Legends, uliotolewa na kampuni ya Riot Games ya Marekani mwezi wa Oktoba, mwaka 2009. Wachezaji kumi hugawanyika pande mbili, watano kwa watano, kila mmoja akimwongoza shujaa aliyemchagua katika orodha ambayo sasa imepita mashujaa 160. Na upande utakaovunja ngome kuu ya wenzao ndio ulioshinda. Shujaa akiuawa hungoja sekunde chache, na zaidi kadiri mchezo unavyoendelea, kisha hufufuka katika makao yake akiwa mzima kama alivyokuwa. Katika muda wa nusu saa mmoja aweza kufa mara kumi. Kifo hapa si mwisho, bali ni faini: humpotezea mtu muda, na muda ndiyo mali inayogombewa.

Kama mchezo, hapana neno. Kete za bao huliwa na kupandwa tena, na mfalme wa sataranji aliyefungwa leo asubuhi husimamishwa tena jioni, wala hapana mtu aliyepata kuwalilia. Lakini bao halikumwahidi mtu hadithi. Watengenezaji wa League of Legends wameiahidi. Wamebuni ulimwengu mzima, uitwao Runeterra, na kila shujaa wamempa mahali alipozaliwa, watu aliowapoteza na adui anayemtafuta. Ahadi hiyo ndiyo inayotupa haki ya kuwadai.

Hapo mwanzo walijaribu kuilipa kwa hila moja. Ilisemwa kwamba mataifa ya Runeterra, yalipoona vita vinaiangamiza dunia, yalipatana kukata mashauri yao katika uwanja maalumu, na kwamba wako watu wenye elimu ya kuwaita mashujaa na kuwaongoza humo. Mwitaji huyo alikuwa ndiye mchezaji. Kwa njia hiyo aliyeketi mbele ya kompyuta alipata nafasi ndani ya hadithi, na kufufuka kwa mashujaa kukapata sababu. Mwaka 2014 kampuni iliifuta habari hii yote, baraza, waitaji na uwanja wao, kwa kuwa iliwafunga watunzi mikono. Tangu hapo hadithi hukaa upande wake na mchezo upande wake. Watunzi walinufaika, sina shaka. Maandiko yaliyofuata ni bora kuliko yaliyotangulia. Lakini mimi naona ile hila ya kwanza, japo ilikuwa nzito na ya kitoto kidogo, ilikuwa na uaminifu ambao haukurudi tena.

Mwaka mmoja baadaye lilitokea jambo ambalo kwangu ni la thamani kuliko maelezo yote ya kampuni. Katika hadithi iliyotolewa kwa sehemu katikati ya mwaka 2015, haramia Gangplank, bwana wa mji wa Bilgewater, alishambuliwa na Miss Fortune, mwanamke aliyekuwa akimdai kisasi cha jamaa zake. Jahazi lake lililipuka, naye akadhaniwa amekufa. Wachezaji walipofungua mchezo walikuta Gangplank hachaguliki. Aliyemnunua kwa fedha zake na aliyemzoea kwa miaka walikuwa sawa: shujaa wao hayupo. Baada ya muda mfupi hadithi ilifunua kwamba alinusurika, naye akarudi akiwa na sura mpya. Hata hivyo kwa siku hizo chache ulimwengu huu wa kubuni ulifanya lile ambalo hadithi hufanya na mchezo hauwezi kulifanya: ulimwondolea msikilizaji kitu asichotaka kukosa. Watu wa mji wa Liyongo walikaa na kiu kwa ajili ya maiti aliyepiga goti. Hapa, kwa mara moja, mchezaji naye alikaa na kiu. Tukio la namna hii haliwezi kuwa desturi, na sababu yake si ya kifasihi hata kidogo. Shujaa anayeuzwa ni bidhaa, na mwuza bidhaa hawezi kuzika mali yake.

Ushahidi wa neno hili umo katika Arcane, filamu ya mfululizo iliyochorwa na studio ya Fortiche ya Paris juu ya ulimwengu huo huo, na kuonyeshwa kwa sehemu mbili, mwaka 2021 na mwaka 2024. Ni kazi nzuri. Mabishano yake baina ya mji wa juu na mji wa chini yana ukali wa kweli, na Silco, yule mhalifu anayempenda binti wa kulea kuliko mapinduzi yake, ni mtu kamili. Silco hufa mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na kifo chake huuma. Lakini Silco hakuwamo katika orodha ya mashujaa wanaochezwa. Katika sehemu ya kwanza, wanaokufa kifo kisichorudi ni wale wasiokuwamo katika orodha. Waliomo msomaji aweza kuwatazama katika hatari yo yote bila moyo kumdunda. Kisha ukaja mwezi wa Novemba 2024. Ambessa Medarda, jemadari wa Noxus, aliuawa katika sura ya mwisho ya filamu. Na katika mwezi ule ule alitiwa katika mchezo, akaanza kuuawa na kufufuka kila siku mikononi mwa watu wasio na idadi. Mtunzi alimzika, na duka likamfukua.

Simu ya mkononi imeuzidisha mwendo huu. Mchezo wa Honor of Kings, uliotolewa nchini China mwaka 2015 kwa ajili ya simu, ni wa namna hiyo hiyo ya watano kwa watano, lakini mashujaa wake wengi wametolewa katika tarehe na ngano za Kichina. Mmoja wao ni Li Bai, mshairi mkuu wa zama za Tang, ambaye humo ni mwenye upanga mwepesi wa kuua. Mwaka 2017 gazeti la chama tawala cha China liliulaumu mchezo huo, na moja ya malalamiko ni kwamba unawapotoshea vijana historia. Nakubali nusu ya lawama. Si dhambi mshairi kupewa upanga. Ngano zimefanya zaidi ya hayo. Lakini na tumfikirie Muyaka bin Haji akikimbia huku na huko juu ya kioo kisichozidi kiganja, akifa mara thelathini kwa siku kwa vidole gumba vya watu wanaongoja basi, na hakuna anayejua hata shairi lake moja. Riot nao walianza kutoa League of Legends ya simu mwaka 2020, kwa jina la Wild Rift, yenye mapambano mafupi kuliko ya kompyuta. Mapambano yakifupishwa hivyo, hadithi ndiyo hutangulia kukatwa.

Je, kifo kimetoweka kabisa katika mashindano haya? La, kimehama. Kimetoka kwa shujaa kikaenda kwa mchezaji. Lee Sang-hyeok wa Korea ya Kusini, ajulikanaye kwa jina la Faker, alizaliwa mwaka 1996 na alitwaa ubingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2013, akiwa kijana wa miaka 17. Aliutwaa tena mwaka 2015 na 2016. Mwaka 2017 alishindwa katika pambano la mwisho, akainamisha kichwa akalia mbele ya umati; mwaka 2022 alishindwa tena katika pambano la mwisho. Katikati ya mwaka 2023 mkono wake uliumia hata akakaa nje kwa majuma, na timu yake ikapigwa mfululizo. Mwisho wa mwaka ule ule, mjini Seoul, alitwaa ubingwa baada ya miaka saba, kisha akautwaa tena London mwaka 2024. Mashujaa aliowaongoza wote wangali na umri ule ule waliokuwa nao. Mkono wake hauna makao ya kuponea kwa sekunde thelathini, na watazamaji wanalijua jambo hilo, ndiyo maana humpigia kelele yeye, wala hawajali kisasi cha shujaa aliye chini ya kidole chake. Kwa hakika utenzi wa mchezo huu, kama uko atakayeutunga, hautakuwa juu ya Runeterra.

Nimebakiza mchezo mmoja usio wa mashindano, ambao unatuhusu zaidi. Tales of Kenzera: ZAU ulitolewa mwezi wa Aprili 2024 na Surgent Studios, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeutunga baada ya kufiwa na baba yake. Waweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Hadithi imo ndani ya hadithi. Zuberi, kijana wa mji wa Amani, amefiwa na baba yake, naye anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana, ambaye anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea roho kubwa tatu, naye arudishiwe baba.

Kalunga si jina la pwani yetu. Hujulikana katika lugha kadhaa za Kibantu za upande wa Kongo na Angola, na roho mojawapo, Impundulu, ndege wa radi, hutoka kusini mwa Afrika. Msikilizaji wa Mombasa au Unguja, ambaye mauti kwake ni kazi ya malaika, atamsikia mungu mgeni akimsemesha kwa lugha ya nyumbani kwake. Wengine watachukizwa. Mimi naona mchanganyiko huo hauna ubaya maadamu mtunzi anasema waziwazi kwamba Kenzera ni nchi ya kubuni, na ugeni wa Kalunga unafaa, kwa maana mfiwa huyaona mauti kuwa mgeni hata aliyezaliwa nayo.

Udhaifu wa kazi hii umo mahali pengine. Zau yu katika njia ya kufundishwa kwamba aliyekufa harudi. Kalunga mwenyewe humwongoza kwa upole, na mazungumzo yao, hasa pale wanapopumzika baada ya taabu, ndiyo sehemu bora ya kazi nzima. Lakini Zau akianguka juu ya miiba, au akishindwa na pepo, mchezo humrudisha papo hapo, hatua chache nyuma, bila hesabu wala deni. Yeye ambaye anamwomba mungu wa mauti jambo lisilowezekana, mwenyewe hulipata jambo hilo mara mia kabla ya kufika mwisho, wala Kalunga hasemi neno. Hapa mtunzi aliachia hazina ipite. Neno moja la Kalunga juu ya kurudi huko, la hasira au la huruma, lingeufanya utaratibu wa mchezo kuwa sehemu ya maombolezo, kama vile kisima kilivyofanywa kuwa sehemu ya kifo cha Liyongo.

Hata pamoja na hayo, hiki ndicho kitabu cha msiba ambacho ningependa vijana wetu wakipate, tena kwa Kiswahili chake. Kilipotoka kilitolewa kwa kompyuta na kwa mashine za kuchezea nyumbani, ambazo bei yake wazazi wengi wa Afrika ya Mashariki hawaimudu. Kwa simu, ambayo ndiyo mashine iliyomo mfukoni mwa kijana wa Tanga na wa Kisumu, hakikutolewa.