Mashairi ya Wakulima wa Solentiname

Katika maparokia yetu mengi kuna masomo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima. Mama anajifunza kuandika jina lake, kisha barua, kisha hesabu ya chumvi na mafuta anayouza sokoni. Hapo tunasema: amemaliza. Ni wachache wanaouliza neno linalofuata: sasa anajua kuandika, ataandika nini? Kuna padri mmoja, mbali na sisi, aliyeliuliza kwa nguvu, akafungua masomo ya kutunga mashairi kwa wakulima na wavuvi. Waseminari kadhaa wanaitaja kazi yake kama mfano wa kufuatwa mzima mzima. Mimi naipenda kazi hiyo, lakini siwezi kuisifu yote, na ndiyo sababu naandika.

Padri huyo ni Ernesto Cardenal wa Nicaragua, katika Amerika ya Kati, mshairi, aliyefariki tarehe 1 mwezi wa tatu 2020. Zamani alikuwa mnovisi kwa Watrapisti wa Gethsemani, Marekani, tangu 1957 mpaka 1959, na mwalimu wake wa unovisi alikuwa Thomas Merton. Alipata upadri mwaka 1965. Mwaka uliofuata akaenda kukaa Solentiname, visiwa vidogo ndani ya ziwa kubwa la Nicaragua. Pale siku ya Mungu, baada ya Evanjili kusomwa, hakupanda kuhubiri peke yake. Watu wenyewe walisema jinsi walivyoelewa: mzee akatoa neno, kijana akampinga, mama akaongeza lake. Maneno yao yalinaswa kwa mashini ya sauti, na tangu 1975 yakachapwa kitabu, *El Evangelio en Solentiname*.

Shikeni neno hili, kwani nitalirudia: kwa miaka kumi watu wale walizoea kusema mawazo yao mbele ya wenzao. Masomo ya mashairi yalikuja nyuma, mwaka 1976, pamoja na bibi mmoja mshairi kutoka Costa Rica, Mayra Jiménez. Walisoma mashairi pamoja, wakaandika, kila mtu akasoma yake mbele ya wengine, wakayasahihisha pamoja. Waliandika juu ya ndege wa ziwa, mtumbwi, mchumba aliyekwenda zake, hofu ya askari. Tarehe 13 mwezi wa kumi 1977 vijana kadhaa wa visiwa vile walishiriki kushambulia kambi ya askari ya San Carlos. Askari wa serkali wakaiharibu jumuiya yote. Elvis Chavarría na Donald Guevara, waliokuwa wameandika mashairi katika masomo yale, walikamatwa wakauawa. Kama Mkristu aweza kushika bunduki, ni neno kubwa lenye kutaka makala yake, na siwezi kulimaliza kwa mistari miwili. Nalitaja ili msidhani ya kuwa ninapima mchezo wa wenye nafasi.

Utawala ule ulipoanguka katika 1979, Cardenal akawekwa waziri wa utamaduni. (Wote wanajua jinsi Papa Yoane Paulo II alivyomkaripia mbele ya watu katika uwanja wa ndege wa Managua, 1983, kisha alikatazwa kazi za upadri mpaka Papa Fransisko alipomfungulia katika 2019.) Mwaka 1980 serkali ilifanya kampeni ya kufundisha kusoma, ilitangaza kwamba wasiojua kusoma walishuka kutoka karibu nusu ya watu mpaka 13 kwa mia. Watu wengi sana, basi, walikuwa na kalamu mpya mkononi. Waziri na Mayra Jiménez wakaeneza masomo ya mashairi katika inchi nzima: mitaa ya masikini, vijiji, hata kambi za askari na polisi. Na kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kuwa kila pahali, Cardenal aliandika kanuni chache, zikachapwa na kugawanywa.

Kanuni hizo twapashwa kuzijua. Usiandike «mti», andika jina la mti wenyewe. Usiandike «mnyama», sema ni mnyama gani. Weka majina ya watu, ya mito, ya miji. Tegemea macho, masikio, pua, ulimi na ngozi kuliko mawazo matupu. Andika kama unavyosema. Epuka maneno yaliyochakaa kwa kutumiwa. Punguza maneno. Na mistari isiwe na vina, wala mapigo ya namna moja.

Nitaanza na sifa, kwani nilizijaribu mimi mwenyewe. Katika misioni moja ya kando ya Tanganyika nilikuwa na wakatekista kumi na mmoja, wanaume saba na wanawake wanne. Niliwaomba waandike juu ya maziko waliyoyaona. Karibu wote wakaandika: marehemu alikuwa mtu mwema, alipendwa na wote, Mungu amweke pahali pema. Makaratasi kumi, marehemu mmoja! Nilirudisha makaratasi, nikawaambia: sasa sherti kila mmoja aandike kitu alichokiona kwa macho siku ile, na neno «mwema» lisiwemo. Walinung'unika. Lakini mmoja akaandika kwamba mtoto wa marehemu alibeba viatu vya baba yake mkononi njia yote mpaka makaburini, akarudi navyo nyumbani. Mwingine, mvuvi, akaandika kwamba siku ile hakuna aliyekwenda ziwani, na jioni wageni walikula mukeke wa kuazima kwa kijiji cha pili. Watu wale wanahubiri kila siku ya Mungu pahali padri asipofika. Nilifikiri: kama wangehubiri vile! Bwana Yezu hakusema «mmea fulani», alisema mbegu ya haradali. Hakusema «mali kidogo», alisema drakma moja iliyopotea ndani ya nyumba ya mwanamke mwenye taa na ufagio. Juu ya neno hili Cardenal anastahili shukrani, na seminari zetu zingefaa kumsikiliza, kwani sisi tunatoka shuleni na mkoba uliojaa «upendo», «amani» na «maendeleo», bila hata ufagio mmoja.

Lakini tazameni sasa upande wa pili. Mashairi ya makambi na mitaa ya Nicaragua yalichapwa na Wizara, na mwaka 1981 waandishi wa Managua wakabishana magazetini juu yake. Wengine walisema kwamba yote yanafanana, na yanafanana na ya Padri Waziri. Katika ugomvi ule kulikuwa na wivu na siasa vile vile, sikatai. Hata hivyo mwenye kuyasoma mengi pamoja anaona haraka jambo lenyewe: askari wa kaskazini na msichana wa mjini wanavuta pumzi pahali pamoja, wanataja tarehe na jina la mto kwa namna moja. Kanuni «andika kama unavyosema» ikawa «andika kama mimi ninavyoandika kusema».

Wala kanuni zenyewe hazikuzaliwa visiwani. Cardenal alisoma New York baada ya vita; alimpenda mshairi Ezra Pound, akamfasiri kwa Kispanyola. Pound alikuwa amechapa makatazo yake katika gazeti moja la Chicago tangu 1913, na mengine yanafanana kabisa na yale ya Wizara. Sioni haya kwa mtu kuazima. Sisi sote tunakula mihogo iliyotoka Amerika. Ila haifai kumpa mkulima kitu cha Chicago na kumwambia: hii ndiyo sauti yako.

Na vina je? Watu wa Nicaragua wana nyimbo za zamani zenye vina, zinazoitwa *corridos*. Ernesto Mejía Sánchez alikusanya kitabu chake katika 1946. Mshairi mkubwa wa inchi, Rubén Darío, alikuwa bingwa wa vina. Mwaka 1975 Carlos Mejía Godoy alitunga Misa ya Wakulima, yenye vina na kuimbwa, nayo ikavuka mipaka bila kusaidiwa na kanuni yoyote. Basi mkulima alipoingia masomoni aliambiwa aache mlangoni chombo alichorithi kwa mama yake, kwa sababu wasomi wa mjini walikuwa wamechoka nacho. Wao walichoka. Yeye hakuwa amechoka. Hapo ndipo ninapomlaumu Cardenal, na simlaumu kidogo.

Sisi wa Congo hatuwezi kushangaa. Padri Placide Tempels, Mfransiskani, alipofika Kolwezi katika 1953, aliwauliza watu wazima, waume na wake zao, wanatamani nini moyoni. Katika majibu yao yalitoka maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Yalikuwa maneno yao, na Jamaa ikazaliwa. Lakini mwenye kusikiliza mafundisho ya Jamaa baadaye alisikia maneno yale yale matatu, kwa utaratibu ule ule, katika kinywa cha mtu wa Kolwezi na cha mtu wa mji mwingine. Jibu la mtu mmoja lilikuwa limegeuka somo la wote. Hapakuwa na waziri wala karatasi ya kanuni, na bado ilitokea. Inaonekana kila kundi lenye mwalimu apendwaye lina hatari hii, na kadiri anavyopendwa, hatari inazidi.

Kwa nini basi mashairi ya kwanza ya Solentiname yana uzima kuliko yale yaliyofuata? Mimi nawaza ni kwa sababu ya ile miaka kumi. Watu wale walikuwa wamekwisha kumpinga padri wao mara nyingi, mbele ya Evanjili, naye alinyamaza akasikiliza. Mayra Jiménez alikuta vinywa vilivyofunguka. Makambini kanuni zilifika kwanza, na kinywa kikafunguliwa kwa kanuni. Karatasi inasafiri upesi; miaka kumi ya siku za Mungu haisafiri.

Kati ya wakatekista wangu kulikuwa na mjane mmoja aliyekataa kuandika maziko. Alisema maneno ya namna ile hayasemwi, yanaimbwa. Nikamwambia: imba, mimi nitaandika. Aliimba maombolezo ya mume wake, na kila mstari ulikwisha na jina la mume, mara kumi na nne. Kwa kanuni za Wizara ningekata kumi na tatu. Nilianza kweli kukata, na wengine walinitazama. Yeye akaniuliza polepole: «Padri, wewe ulimjua?»

Niliyarudisha majina yote. Tutaanza tena baada ya mavuno, na nimemwomba yeye afungue siku ya kwanza, kabla sijasema neno lolote juu ya miti na samaki.