Jua la Kupanga: Ndoto ya Safari katika The Enchanted April na A Small Place

Mtu atakayejaribu kuifasiri kwa Kiswahili riwaya ya Elizabeth von Arnim, The Enchanted April (1922), atakwama kwenye jalada kabla hajaufikia ukurasa wa kwanza. Aprili ya msomaji wa Kiswahili nchini Kenya ni mwezi wa masika. Ni mwezi wa matope na mapaa yanayovuja. Pwani, upepo wa kusi unaanza na wavuvi wa vyombo vidogo wanaitazama bahari kwa hadhari. Na katika hoteli za Mombasa na Malindi ni mwezi wa vyumba vitupu. Kumwambia msomaji huyo kwamba wanawake wanne wa Uingereza wametoa fedha ili waipate Aprili iliyo nzuri kuliko ya kwao ni kumpa kitendawili.

Jua lenyewe nalo lina matatizo yake. Katika Kiswahili, jua ni mahali pa kazi. Mchumia juani hulia kivulini, na methali hiyo inakitaja kivuli, wala si jua, kuwa ndiyo tuzo. Mafundi wa Kenya wanaofua mabati na kuunda makarai nje ya kuta za viwanda wameitwa watu wa jua kali, na jina hilo linataja mahali wanapofanyia kazi na mateso yake kwa pamoja. Lugha yenye mazoea haya haina neno jepesi la kumtaja mtu anayesafiri maelfu ya maili kwenda kulala juani kwa hiari yake na kulipia.

Ugumu huo usichukuliwe kuwa ni wa mfasiri pekee. Unamlazimisha mhakiki kuuliza jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hulipita bila kuliona: je, jua la riwaya hii ni hali ya hewa, au ni kitu kingine kilichopewa jina la hali ya hewa? Makala haya yanashikilia kwamba ni kitu kinachosomwa kwanza, kisha kikapangwa, kisha kikalipiwa. Na kwamba riwaya ni bora pale inapousimulia upangaji huo, na dhaifu pale inapotaka kuusahau.

The Enchanted April mara nyingi husomwa kama kitabu cha kuburudisha, na filamu iliyotengenezwa na Mike Newell ilithibitisha sifa hiyo kwa watazamaji wa miaka ya 1990. Lakini mwanzo wake si wa kuburudisha hata kidogo. Ni alasiri ya Februari jijini London, mvua inanyesha, na Bi. Wilkins ameketi katika klabu ya wanawake isiyo na raha, akitazama barabara ya Shaftesbury Avenue iliyojaa miamvuli inayochuruzika. Anaokota gazeti la The Times na macho yake yanaangukia tangazo dogo: ngome ya kale nchini Italia, kando ya bahari ya Mediteranea, inapangishwa kwa mwezi mmoja wa Aprili. Tangazo limeelekezwa kwa watu wanaopenda jua na wistaria, yaani ule mtambaazi wenye vichala vya maua ya zambarau. Katika klabu hiyo hiyo yumo Bi. Arbuthnot, mwanamke anayemfahamu kwa sura tu kutoka kanisani, naye ameukodolea macho ukurasa uleule wa gazeti. Urafiki wao unazaliwa kwa sababu wamesoma maandishi mamoja wakati mmoja.

Von Arnim angeweza kuianza ndoto hii kwa picha, kwa kumbukumbu ya utotoni, au kwa barua ya rafiki aliyekwisha kufika huko. Amechagua tangazo la biashara, lenye maneno machache na nambari ya sanduku. Kwa hivyo wahusika wake hawaioti Italia; wanaisoma. Na mara wamalizapo kusoma, riwaya inaingia katika hesabu. Bi. Wilkins ana akiba ya pauni 90, aliyoidunduliza kutokana na posho yake ya mavazi kwa kuvaa nguo zisizomtazamisha mtu. Mumewe, Mellersh, ni wakili mwenye kuuhubiri ubanaji wa matumizi katika kila jambo isipokuwa chakula chake. Kodi ya ngome ni pauni 60. Bi. Arbuthnot, mchamungu anayewahudumia maskini wa mtaa, hawezi kuifikiria kodi hiyo bila kuona mbele yake safu ndefu ya viatu imara ambavyo fedha hiyo ingewanunulia maskini wake. Wanatangaza gazetini wapate wenzao wa kuchangia. Wanaojibu ni wawili tu, Lady Caroline Dester aliyechoshwa na uzuri wake mwenyewe, na mjane Bi. Fisher anayeishi na kumbukumbu za waandishi wakubwa wa enzi ya Victoria. Sasa kodi inagawanywa kwa nne.

Sura hizi za mwanzo ndizo zenye uzito mkubwa katika kitabu, ingawa hakuna jua hata moja ndani yake. Kiswahili kina kitenzi ambacho mwandishi angekionea wivu: kupanga. Mtu hupanga safari, na mtu hupanga nyumba. Katika riwaya hii vitendo hivyo viwili ni kimoja, na kila kimojawapo kinadai mambo ambayo mke wa tabaka la kati wa mwaka 1922 hakuwa na uhakika nayo: fedha iliyo yake, muda ulio wake, na jambo moja asilomwambia mume. Mellersh anapotamka kwamba amewaza kumpeleka mkewe Italia wakati wa Pasaka, kinaya kinakamilika. Safari ileile, nchi ileile, karibu tarehe zilezile. Lakini kupelekwa na kwenda si jambo moja. Bi. Wilkins anakwenda. Anayeita riwaya hii ya kutoroka maisha hana budi aonyeshe ni katika ukurasa gani wa sura hizi maisha yametorokwa. Kinyume chake, ndoa mbili zimekaguliwa hapa kwa ukali ambao riwaya haitaurudia.

Wanawake hawa wawili wanafika usiku, mvua ikinyesha. Hili ni pigo la kiufundi lililotekelezwa vizuri: maji ya Shaftesbury Avenue yamewafuata hadi Italia, na tangazo linaonekana kuwa limesema uongo. Asubuhi Bi. Wilkins anafungua madirisha ya mbao, na jua lote la riwaya linaingia kwa mara moja. Maelezo ya bahari, milima na maua chini ya dirisha ni ya mtu aliyeyaona. Mwandishi mwenyewe aliwahi kukaa Castello Brown, ngome iliyo juu ya bandari ya Portofino, na ndiyo iliyompa mandhari ya San Salvatore.

Baada ya dirisha hilo kitabu kinalegea. Jua linageuka kuwa dawa, na dawa haichagui mgonjwa. Mellersh, anayekuja akiwa na tamaa ya kumpata Lady Caroline awe mteja wake, anatakaswa. Mume wa Bi. Arbuthnot, anayeandika vitabu vya masuria wa wafalme na kumfedhehesha mkewe kwa kipato chake, anatokea ngomeni akimfuata mwanamke mwingine, na bustani inalipangusa kosa hilo kabla halijatajwa. Msomaji anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ucheshi wa von Arnim ni wa daraja la juu. Ila suala la fedha na ruhusa lililoulizwa London limejibiwa kwa harufu ya maua.

Kuna neno moja la tangazo ambalo riwaya haikulirudia kulikagua. Tangazo linasema kwamba watumishi wanaohitajika wanabaki. Wanapangishwa pamoja na ngome, kama viti na vitanda. Haina maana kwamba hawana sura. Domenico mtunza bustani ana hadhi yake. Mpishi Costanza, anapoachiwa uhuru wa kununua, anajua namna ya kuipandisha hesabu ya jikoni, na kwa mhakiki wa leo hilo ni kama tendo la kisiasa lililovishwa kichekesho. Lakini hakuna Mwitaliano anayeota chochote. Hata mwenye ngome si Mwitaliano. Ni Briggs, kijana Mwingereza. Jua la Italia limetoka mkononi mwa Mwingereza likaingia mikononi mwa Waingereza, kupitia gazeti la London. E. M. Forster, aliyewahi kuwafundisha watoto wa von Arnim, alikuwa amekwisha kuufanyia mzaha uhusiano huo katika A Room with a View (1908), ambamo nyumba ya wageni ya Florence inaendeshwa na mwanamke mwenye lafudhi ya mitaa ya London. Von Arnim hafanyi mzaha. Mwaka uleule riwaya yake ilipotoka, mnamo Oktoba, wafuasi wa Mussolini waliandamana kuelekea Roma. Ngomeni hakuna upepo wa habari hizo.

Watumishi waliobaki walipata sauti mwaka 1988, katika kisiwa kingine na katika Kiingereza kingine. A Small Place ya Jamaica Kincaid, aliyezaliwa Antigua mwaka 1949, ni insha ndefu inayomshika mtalii tangu anapotua uwanja wa ndege. Inamwita kwa nafsi ya pili. Mfasiri wa Kiswahili atatakiwa kuamua kile ambacho Kiingereza kinakiacha wazi: ni wewe, au ni ninyi? Akichagua ninyi, kitabu kinakuwa hotuba dhidi ya watu wa kaskazini, na msomaji wa Nairobi anaweza kuketi pembeni akipiga makofi. Akichagua wewe, hakuna pa kuketi. Sentensi za Kincaid, kwa jinsi zinavyomfuata mtu mmoja ndani ya teksi, hadi chumbani, hadi dirishani akiitazama bahari, zinadai wewe.

Na jua? Mtalii wa Kincaid amelifuata jua, na anashukuru kwamba hanyeshewi. Hapo hapo mwandishi anamweleza kwamba kisiwa hicho kinakabiliwa na ukame. Kwamba kuishi mahali ambapo jua halikomi, huku umezungukwa na maji ya chumvi, ni kuhesabu kila tone la maji baridi. Likizo ya mmoja ni kiangazi cha mwingine. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tanbihi katika ukurasa huo. Hajawahi kudhani kwamba jua ni zawadi. Chakula kinachoandaliwa mezani kama tunu ya kisiwa kimeletwa kwa ndege kutoka Miami. Maji machafu ya hoteli yanaelekea bahari ileile anayoogelea mgeni. Kincaid anazifungua nyuma ya pazia zile huduma ambazo tangazo la von Arnim lilizifupisha katika neno moja.

Ni rahisi kumaliza hapo na kumtangaza Kincaid mshindi. Wanafunzi wengi wangefanya hivyo, na si wanafunzi tu. Lakini sehemu ya kwanza ya A Small Place inafungwa kwa hoja inayoukata usomaji huo. Kincaid anasema kwamba kila mwenyeji wa mahali fulani angeweza kuwa mtalii, na kwamba kila mwenyeji angependa kupumzishwa na uchovu wa siku zake; ila wenyeji wengi wa dunia ni maskini mno kuweza kwenda popote. Hasira yake haiikanushi ndoto ya Bi. Wilkins. Inasema ndoto hiyo ni ya watu wote na imegawiwa kwa wachache. Kati ya klabu ya London yenye mvua na mtaa wa Antigua wenye ukame hakuna tofauti ya tamaa. Ipo tofauti ya akiba ya pauni 90.

Ipo pia tofauti ya gazeti mezani. Sehemu inayogusa zaidi katika A Small Place haihusu ufukwe bali maktaba. Jengo la zamani la maktaba ya St. John's liliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1974, likatundikwa bango la kuahidi matengenezo, na zaidi ya mwaka wa kumi bango lilikuwa bado linaahidi. Humo ndimo mtoto Kincaid alimokuwa akisoma, na kuiba vitabu alivyovipenda mno. Wahakiki wanaokichukulia kitabu hiki kuwa ni shutuma za utalii peke yake hulazimika kuiona maktaba hiyo kama mchepuko. Ikisomwa kando ya klabu ya Bi. Wilkins, si mchepuko. Kabla ya kupanga safari lazima kuwe na chumba cha kusomea, na chumba hicho kimefungwa. Mtoto wa Antigua amenyimwa hata ile alasiri ya Februari.

Kiswahili kina ushahidi wake katika jambo hili, na ni wa zamani kuliko vitabu vyote viwili. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, yumo Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, anayesimulia safari yake ya mwaka 1896 katika nchi ya Urusi na Siberia hadi Asia ya Kati. Alikwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dkt. Bumiller. Huyu ni mtumishi ambaye hakubaki. Anaona miji, anapima desturi za watu kwa desturi za kwao, anaandika. Nathari yake ina utulivu wa mtu asiyeona haya kushangaa. Kitu kimoja hakimo na kisingeweza kuwamo: sura za mwanzo, zile za tangazo na akiba na hesabu ya kugawanya kodi kwa nne. Safari ilikwisha kupangwa na mwingine. Msimulizi wa kwanza wa Kiswahili kuipita Siberia aliyaona yote hayo bila kuwahi kuyangojea.