Gitaa la Chuma Si la Kulia Tu

Ukisikia gitaa la resoneta kwenye filamu, tayari unajua kinachokuja: barabara ya vumbi, jua kali, mtu mpweke. Mpigaji anaburuta shingo ya chupa juu ya nyuzi, noti zinavutika kama kilio, basi. Tumeizoea hiyo slaidi mpaka tunadhani ndiyo gitaa lenyewe.

Ni kweli George Beauchamp, aliyetaka gitaa hili litengenezwe, alikuwa akipiga mtindo wa Hawaii, ule wa kuburuta chuma. Lakini shida yake ilikuwa ya wapiga gitaa wote wa Marekani miaka ya 1920: gitaa la mbao lilimezwa na tarumbeta na ngoma. John Dopyera akaweka koni tatu za alumini ndani ya mwili wa chuma, zitetemeke kama spika bila umeme. Kufikia 1927, magitaa ya National yalikuwa yanauzwa. Sasa, ukishampa mtu sauti kubwa, huwezi kumpangia atasema nini nayo.

Ebu msikilize Blind Boy Fuller. Alipiga mitaani Durham, North Carolina, karibu na maghala ya tumbaku, mahali ambapo usiposikika hupati senti. Kati ya 1935 na 1940 alirekodi nyimbo zaidi ya 100, na nyingi hazina slaidi. Kidole gumba kinashika besi, vingine vinadona melodi. Sauti ya koni hupasuka ghafla na kufa upesi, kwa hivyo kila noti inasimama peke yake, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati. Hapo hakuna kilio. Ni muziki wa kuchezwa, na mara nyingine ni utani wa matusi.

Halafu kuna Oscar Alemán, Muajentina aliyezaliwa Chaco mwaka 1909. Miaka ya 1930 alikuwa Paris, mpiga gitaa wa Josephine Baker, na picha za enzi hiyo zinamwonyesha na National yake inang'aa. Mwaka 1938, Copenhagen, alirekodi vipande viwili vya swingi akiwa peke yake. Besi, kodi na melodi, vyote mikononi mwa mtu mmoja, na bado anapata nafasi ya kucheka. Kwangu mimi, hizo dakika chache zina raha kuliko rekodi nyingi za bendi nzima.

Tukisema gitaa hili ni la huzuni tu, tunamwachia Fuller kona moja ya historia, ile ya mtu mweusi na machozi yake, na Alemán tunamfuta kabisa. Sikio lililolelewa na omutibo ya George Mukabi halina sababu ya kukubali hivyo. Mukabi alipiga gitaa la mbao, lakini tulijifunza kwake kwamba gumba na kidole vinatosha kuinua watu kwenye viti.

Anza na Alemán. Slaidi itakungoja.