Bondeni mwa Injini

Injini ya Hilux ya lita 4.0, ile yenye silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, ina bonde. Silinda tatu zimeegemea upande huu, tatu upande ule, na katikati yake umepita mfereji mwembamba ambao mwenye gari anaweza kuendesha miaka kumi asiuone. Juu kabisa limekaa tanki la hewa. Chini ya tanki iko manifodi inayogawa hewa kwa silinda. Chini ya manifodi, zimekazwa kwenye bloku yenyewe, ziko sensa mbili ndogo ambazo kazi yake ni kusikiliza.

Ndani ya kila sensa mna kipande kinachozaa umeme kidogo kikitikiswa. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukijiwakia wenyewe badala ya kungoja moto wa plagi uufikie, bloku hugongwa kwa mtikisiko wa aina yake. Sensa huupokea, kompyuta ya injini huarifiwa, nayo huchelewesha cheche mpaka kugonga kukome. Yote hayo hufanyika dereva akiwa anabadili gia na kuzungumza na abiria wake. Sensa zikinyamaza, kompyuta haithubutu kubahatisha. Huchelewesha cheche kwa tahadhari, injini ikabaki salama lakini nzito, na mafuta yakaenda kwa wingi.

Ndivyo ilivyokuwa Hilux ya mama mdogo, inayoshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini. Taa ya injini iliwaka, na ile milima ya Uluguru aliyokuwa akiipanda kwa gia ya tatu akaanza kuipanda kwa ya pili. Gereji ya kwanza walichomeka mashine, wakasoma namba mbili, P0325 na P0330, wakamwandikia sensa mbili mpya, na kompyuta pia kama sensa hazitasaidia. Bei ilimfanya arudishe karatasi bila kusema neno. Jirani akatuelekeza kwa fundi umeme mmoja, mtu mzima, mwenye gereji chini ya mwembe.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama, hebu nieleze gari linasemaje."

Alimsikiliza mama mdogo mpaka mwisho. Aliuliza taa iliwaka lini, gari hulala wapi, na kama liliwahi kukaa siku nyingi bila kuwashwa. Lilikuwa limekaa wiki tatu kando ya ghala la mahindi, mama mdogo alipokwenda kuuguza. Fundi aliitikia kwa kichwa, hakusema kitu. Kisha naye akachomeka mashine, akasoma namba zile zile mbili, akaichomoa na kuiweka kando kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Namba ile haitaji kifaa kilichokufa. Inataja njia: sensa, waya wake, soketi zake, mpaka kwenye kompyuta. Kosa linaweza kuwa popote katika njia hiyo, na mafundi wengi huuza kifaa cha mwisho wa njia kwa kuwa ndicho chenye jina. Huyu alimwambia spanaboi wake, kijana wa miaka kama kumi na tisa: "Wawili hawafi siku moja. Tafuta walichoshiriki."

Walichoshiriki ni kipande cha waya kinachotoka bondeni na kuungana na nyaya kubwa kwa soketi nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga injini na chumba cha dereva. Soketi hiyo huioni. Fundi aliinama juu ya injini, akapitisha mkono wa kushoto nyuma yake, akageuza uso pembeni. Vidole vilitafuta kibano cha plastiki ambacho umri na joto vimekifanya kikavu kama ganda la karanga. Ukikilazimisha kinavunjika, na soketi haitashika tena barabara. Alikaa hivyo dakika nyingi. Hakulaani, hakuomba bisibisi. Ukasikika mlio mdogo, soketi ikaachia.

Alipima upande unaotoka kwenye kompyuta: volti 5, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo kompyuta na nyaya kubwa ni nzima, na ile bei ya kompyuta ikafa papo hapo. Akageukia upande unaoshuka bondeni. Sensa hizi zikiwa nzima husoma kati ya kilo-ohmu 120 na 280. Mita yake haikusoma chochote. Njia imekatika huko chini, na sasa palikuwa na sababu ya kufungua.

Kufungua kwenyewe kulichukua asubuhi yote, na sitaki kukupitisha kila bolti. Ninachotaka ukione ni utaratibu. Betri ilifunguliwa kwanza. Kabla ya kunyanyua chochote, alipuliza upepo wa kompresa kwenye kila pembe, kwa sababu mchanga wa juu ya manifodi, ikinyanyuliwa, huishia kwenye matundu yaendayo kwenye valvu. Kila soketi ya nozeli aliifunga kikaratasi chenye namba ya silinda. Bolti za tanki la hewa alizichomeka kwenye kipande cha boksi alichokitoboa kwa mpangilio ule ule wa tanki, ndefu mahali pa ndefu, fupi mahali pa fupi. Manifodi ilipotoka, kabla hata ya kutazama bondeni, aliziba matundu yote sita kwa vitambaa safi, akamhesabia kijana kwa sauti: moja mpaka sita. Jioni vitatolewa sita. Nati moja ikidondokea humo na injini ikawashwa, valvu inapinda.

Kisha akawasha tochi. Bondeni palikuwa na maganda makavu ya mahindi, nyuzi za gunia na kinyesi cha panya. Waya ulikuwa umegugunwa kwa urefu wa kama kidole, shaba ikiwa wazi, sehemu mbili zimekatika kabisa. Sensa zenyewe zilikuwa kimya kwa sababu hakuna wa kuzibebea ujumbe. Alizipima hapo hapo, zote zikasoma karibu na 200.

Kijana akashauri kuunga. Waya wa kuungia upo, risasi ipo, tepu ipo, na gari lingetoka siku ile ile. Nakiri kwamba nami niliona ni wazo zuri. Fundi alichukua kisu, akapasua kipande cha waya ule mbovu na kutuonyesha ndani. Sio waya wa kawaida. Nyuzi zinazobeba ujumbe zimefunikwa na nyingine zilizosukwa kama ukili, kazi yake ni kuzuia kelele za umeme wa koili za plagi zisiingie kwenye ujumbe dhaifu wa sensa. Ukiunga vibaya, ukakata kile kifuniko, kompyuta itasikia kelele na kuzidhani ni kugonga kwa injini. Zaidi ya hapo, kiungo kitakaa kwenye joto la bondeni, kikipanuka na kusinyaa kila safari. "Mahali ninapopafikia kwa dakika mbili, nitaunga," alisema. "Hapa siungi."

Waya mzima uliagizwa Dar, ukafika kesho yake kwa basi. Aliupima kabla ya kuufunga, mwisho hadi mwisho, huku akiupinda polepole ili kuona kama mita itayumba. Sensa alizifungua, ingawa zilikuwa nzima, kwa kuwa mkojo wa panya ulikuwa umeanza kutia kutu chini yake. Sensa ya aina hii husikia kwa kugusana na bloku, chuma kwa chuma. Uchafu ukiingia kati, au grisi, au washa ya ziada, inasikia vibaya. Alisugua mpaka chuma kikang'aa, akaweka sensa, akakaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi newtonimita 20 na kuacha. Kijana aliomba kuongeza kidogo. Alikatazwa, na akaelezwa sababu: ikikazwa kupita kiasi, inakosea kusikia, sawa na ikilegea.

Waya aliulaza katika njia yake ya zamani, akaubana ili usiguse kitu chenye makali. Niliona amerudia kibano kimoja mara tatu, kwa sababu waya ulikuwa umejipinda kidogo tu. Baada ya saa moja manifodi ingekaa juu yake, na pengine hakuna jicho litakalouona tena katika maisha ya gari lile. Mama mdogo asingejua. Mimi nisingejua. Nimekaa na mafundi wengi, na sijaona kipimo bora cha fundi kuliko kibano kile cha tatu.

Vitambaa sita vilitoka, vikahesabiwa. Gasketi mpya zikawekwa, manifodi ikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Kabla ya kuwasha, aliifanya pampu isukume petroli, akanusa na kumulika kila nozeli akitafuta uvujaji. Hakuna. Injini iliwaka kwa mara ya pili, ikatulia kwenye sailensa, na taa, baada ya namba kufutwa, haikurudi.

Alitoza kazi ya siku mbili, waya mmoja na gasketi. Sensa zile zile, za tangu gari lilipotoka kiwandani, ndizo zinazosikiliza hadi leo, na mama mdogo amerudia gia ya tatu. Siku hizi hulaza gari mbali na ghala. Nawe taa hiyo ikikuwakia, tafuta fundi anayepima kabla hajataja bei, kisha mwachie gari kutwa nzima bila kumpigia simu saa sita mchana kumuuliza amefika wapi.