Mendi: ngoma inakumbukwa, mwendo umesahaulika

Mnara wa meli ya Mendi kwenye makaburi ya Avalon, Soweto, ulizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Machi 1995. Chini yake hakuna maiti. Wanaokumbukwa pale walizama nayo kusini mwa kisiwa cha Wight, Uingereza, alfajiri ya Februari 21, 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Simulizi yao kila mtu Johannesburg anaijua: mchungaji Isaac Wauchope Dyobha akawatuliza kwa hotuba, nao wakacheza ngoma sitahani hadi mwisho. Ni simulizi ya mdomo, na sina nia ya kuibomoa. Ila imefunika swali la kifundi: kwa nini Mendi ilizama upesi vile?

Ilikuwa meli ya tani 4,230, ikitoka Plymouth kwenda Le Havre, imebeba zaidi ya vibarua 800 weusi wa jeshi kutoka Afrika Kusini, wasio na bunduki. Ukungu ulikuwa mzito. Kanuni ya baharini ni moja: ukunguni punguza mwendo, piga honi. Mendi ilifanya hivyo. Darro, meli ya tani zaidi ya 11,000, ilikuja kasi, kimya, ikaitoboa ubavu wa kulia wakati wengi wamelala ghala za chini. Maji yakajaa, meli ikalalia upande, na ikishalala hivyo mashua hazishushiki sawasawa. Ilichukua dakika kama 25. Wengi waliowahi kuruka au kushika vyelezo waliuawa na baridi ya maji ya Februari, si kwa kutojua kuogelea.

Darro ilikaa jirani bila kushusha hata mashua moja. Hilo ndilo linalonikera kuliko mgongano wenyewe. Walikufa Waafrika Kusini 616, weusi 607 kati yao, pamoja na mabaharia 30, ambao husahaulika kabisa.

Serikali yao iliwanyima vibarua weusi medali ya vita. Nishani ya Mendi ya ushujaa ilikuja mwaka 2003. Hata hivyo, kule Hollybrook, Southampton, majina yao yameandikwa moja moja, heshima ambayo wapagazi wetu wa Afrika Mashariki katika vita hivyo, wale wa Kariakoo (Carrier Corps), hawakupewa.

Basi ukienda Avalon na watoto, wasimulie ngoma. Kisha waambie na hukumu: nahodha wa Darro, Henry Stump, alifungiwa leseni mwaka mmoja tu.